Tembo Waliowapa Wageni Mgongo

Siku Kimya alipomwona kwa mara ya kwanza, mtu yule alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kufulia, ameshika taulo kwa ncha mbili za vidole kama anayetoa panya aliyekufa.

"Nani ameiharibu hii?"

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa, tumboni mwa meli, mahali ambapo mashine zinanguruma na mtu hawezi kujua kama nje ni asubuhi au jioni. Kimya alikuwa dobi wa huko. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu maneno yalimtoka kwa shida, na alipoulizwa jambo mbele ya watu alitazama viatu vyake kwanza. Safari hii pia alivitazama, kisha akajinyooshea kidole kifuani.

"Wewe? Umeitia dawa ya kulainisha?"

Kimya akaitikia kwa kichwa.

"Basi umeivunja uti wa mgongo, ndugu yangu. Taulo laini haisimami. Jana nimemkunja tembo, nikageuka kuchukua sabuni, narudi namkuta amelala chali kama mlevi. Niwekee zile ngumu. Zile zinazokwaruza."

Alikuwa mhudumu wa vyumba, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na meli nzima ilimwita Bwana Mikunjo. Jioni wageni walipokwenda kula, yeye alipita vyumbani mwake, akatandika upya, akaacha mnyama wa taulo juu ya kila kitanda: sungura, kasa, nyani wa kuning'inia, na tembo. Tembo wake alikuwa hana mpinzani. Masikio yalisimama, mkonga ulipinda juu, na wageni waliporudi walipiga kelele kama watoto. Asubuhi walipotoka, chini ya tumbo la mnyama yule waliacha bakshishi.

Na bakshishi ndiyo iliyokuwa riziki. Mshahara wa mkataba ulitosha sabuni, vocha za simu na kumlipa wakala aliyekupeleka melini. Paa la nyumbani, ada, dawa za wazee, vyote vilitoka chini ya tumbo la tembo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," Bwana Mikunjo alipenda kusema kila abiria wapya walipopanda ngazi na kofia zao. Kisha anajisugua mikono.

Kimya alianza kumwekea fungu lake la taulo zisizotiwa dawa, ingawa kanuni ilikataza. Baada ya muda wakagundua kwamba nyumbani kwao ni mji mmoja, mitaa miwili ambayo mtu anaweza kuitembea akila muhindi usiishe. Wakaomba wapewe chumba kimoja, Kimya kitanda cha chini, mwenzake cha juu. Tangu hapo Kimya hakuhitaji kusema sana. Bwana Mikunjo alisema kwa niaba ya wote wawili.

Ndiye aliyemfundisha ishara. Wahudumu wa vyumba walikuwa na yao, wala hazikuandikwa popote. Mnyama akitazama mlango, aliyelala humo ni mtu wa kutoa. Mnyama akiupa mlango mgongo, humo mna mkavu, usijipinde sana. Hivyo mwenzako akiugua na wewe ukapewa vyumba vyake, huna haja ya kuuliza. Unafungua mlango, tembo anakwambia.

"Na mgeni akijua?" Kimya aliuliza.

"Atajuaje? Mgeni anatazama mkonga, hatazami tako."

Mkataba ule ulikuwa wa mwisho kwa Bwana Mikunjo. Alikwisha kusema mara nyingine mbili kwamba ni wa mwisho, lakini safari hii mkewe alikuwa ameshika hatamu. Walikuwa wanataka kufungua udobi sebuleni kwao, na kilichobaki ni mashine yenyewe, ile kubwa ya kazi. Bwana Mikunjo alikuwa amekwisha kuilipia zaidi ya nusu. Safari moja nzuri, vyumba vikijaa, ingemaliza kilichobaki.

"Nimekwisha vuta bomba la maji," mke alisema siku moja simuni, sauti ikisikika hadi kitanda cha chini. "Nimechora chini kwa mkaa mahali itakapokaa. Wateja wanaruka mchoro wakidhani ni uganga. Shemeji yupo?"

"Yupo, anavua soksi."

"Shemeji, hujambo? Nakukabidhi huyu mtu. Usikubali aweke sahihi tena. Mtoto wake anamwita mjomba, kwa kuwa wajomba ndio anaowajua."

Kimya akaiweka soksi chini, akasema, "Sawa, shemeji." Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Safari ya mwisho ikaja, na vyumba vyote vilijaa. Lakini waliovijaza hawakuwa watalii wa kawaida. Kampuni moja ya bima ilikuwa imeikodi meli nzima kuwazawadia mawakala wake waliouza vizuri, na ikawa mdhamini wa kila kitu: muziki, vinywaji, hata maboya ya kuokolea yalibandikwa nembo yake. Wafanyakazi walivishwa fulana za njano zilizoandikwa mgongoni, Leo Yetu, Kesho Yako. Bwana Mikunjo alijitazama kwenye kioo.

"Nimekuwa tangazo linalotembea," akasema. "Na tangazo la barabarani angalau hulipiwa."

Siku ya kwanza meneja wa kampuni, mtu mchangamfu wa miwani ya jua, alishika kipaza sauti akawatangazia wageni wake: "Msitie mkono mfukoni! Kila kitu kimelipiwa, mpaka bakshishi!" Wakapiga makofi. Wahudumu waliosimama ukutani na sinia nao wakapiga makofi. Walidhani wameshinda, kwamba bakshishi ya pamoja ingekuwa nono kuliko ya kudonoadonoa.

Siku zikaenda. Vyumbani wageni walikuwa wema, waliaga na kushukuru, lakini chini ya tembo hakukuwa na kitu. Mmoja tu aliacha kalamu yenye nembo.

"Tembo wangu ametaga," Bwana Mikunjo alisema akiionyesha.

Wahudumu wakaambiana wasubiri. Katikati ya safari wakaitwa bwaloni, mahali wanapolia chakula, wote na fulana zao za njano. Meneja wa kampuni akawashukuru kwa tabasamu zao. Kisha ofisa wa meli akavuta kitambaa, na ukutani ikaonekana televisheni kubwa kama mlango wa kanisa, yenye nembo ya bima kwenye fremu. Bakshishi ya mdhamini, alieleza, imeingia kwenye mfuko wa ustawi wa wafanyakazi, na hili ndilo tunda lake la kwanza.

Watu walitazamana. Mpishi mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Naikata vipande nitume nyumbani kipande gani?" Wengine wakacheka. Bwana Mikunjo hakucheka, na hapo ndipo Kimya alipoanza kuogopa.

Jioni ile Bwana Mikunjo alipita vyumba vyake vyote kama kawaida, akatandika, akakunja tembo, kila kitanda na wake. Na tembo wote, kuanzia chumba cha kwanza hadi cha mwisho, aliwageuza wakaupa mlango mgongo.

Asubuhi Kimya alikuwa anasukuma toroli la mashuka kwenye ukumbi wa vyumba alipomkuta meneja wa kampuni amesimama mlangoni mwa chumba kimoja pamoja na mama mmoja wakala, na msimamizi wa vyumba, Mama Kidole. Huyu alipewa jina hilo kwa kuwa alipitisha kidole juu ya kila fremu kutafuta vumbi. Bwana Mikunjo alikuwa mbele yao, mikono nyuma.

"Kwa nini leo wote wamegeuka?" meneja aliuliza.

Kimya alimwona mwenzake akifungua mdomo. Aliyajua maneno yaliyokuwa yanakuja, na moyo ukamdunda kama mashine iliyopakiwa upande mmoja. Lakini yule mama wakala akawahi.

"Mimi nimeelewa! Wanatazama dirishani, mbele tunakokwenda. Wanaitazama kesho. Si ndiyo kaulimbiu yetu?"

Meneja akavua miwani yake ya jua, akapiga makofi. "Jamani! Hiki ni kipaji!"

Kufikia mchana tembo wa Bwana Mikunjo walikuwa wamepigwa picha nyingi kuliko nahodha. Amri ikatoka kwamba vyumba vyote vya meli viwe na tembo anayetazama dirisha. Wahudumu wenzake walikuja kujifunza kukunja, wakimpigia saluti na kuangua vicheko, maana kila mmoja alijua tembo yule anasema nini. Yeye aliwafundisha bila neno.

Siku moja kabla ya bandari, Mama Kidole alimwita kwenye stoo ya mashuka. Kimya alikuwa ndani akipanga foronya. Alitaka kutoka, Mama Kidole akamzuia kwa mkono.

"Kaa, wewe husemi." Akamgeukia Bwana Mikunjo. "Kampuni ya bima imedhamini pia meli nyingine, ile kubwa, inaondoka kesho. Wanakutaka huko. Mwalimu wa taulo. Utavaa beji."

"Na mshahara?"

"Huohuo."

"Na bakshishi?"

"Huko nako kila kitu kimelipiwa."

"Mimi naenda nyumbani, mama. Nimeahidi."

Mama Kidole akapitisha kidole juu ya rafu, kwa mazoea tu. "Mwanangu, mimi nilikunja taulo kabla yako. Mgongo wa tembo naujua maana yake. Sijamwambia mtu. Lakini ukikataa, meneja ataniuliza kwa nini fundi wake hakumtaka, na mimi nina bosi na nina watoto. Ukiondolewa kwa kuwatukana wageni, nauli ya kurudi unajilipia mwenyewe. Ile akiba yako itaishia kwenye ndege."

Kimya aliibana foronya kifuani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaingilia mazungumzo ya wakubwa.

"Mama, mkewe amevuta bomba."

Mama Kidole alimtazama, na macho yake hayakuwa na ukali hata kidogo. "Hata mimi nina bomba langu, baba," alisema, akatoka.

Bwana Mikunjo aliweka sahihi jioni ile.

Bandarini Kimya ndiye aliyekuwa anashuka, mkataba wake umeisha. Mwenzake alimsindikiza hadi ngazini, beji mpya kifuani, akiwa amebeba begi la Kimya begani ingawa Kimya alikataa. Basi la kuwahamishia wafanyakazi kwenye ile meli kubwa lilikuwa limekwisha kuwasha injini. Alikuwa hajampigia mkewe simu. Alisema mambo kama hayo hayafai simuni, yanataka mtu, na mtu mwenyewe ni Kimya. Alimpa bahasha yenye akiba yake, isiyofika bei iliyobaki ya mashine, na fulana moja ya njano kwa ajili ya mtoto.

Kimya alitaka kumwambia kwamba hawezi, kwamba mbele ya mwanamke yule atatazama viatu mpaka jua lizame. Maneno yakakwama palepale yanapokwama siku zote.

Dereva akapiga honi. Bwana Mikunjo akamtundikia begi begani, akaifunga vizuri mikanda yake.

"Ukifika kwangu usikae sana," alisema. "Akikuandalia chai, kunywa, halafu ondoka kabla hajaanza kuuliza."