Kamashine Kangu ka Radari

Nichekeni tu. Tulipokuwa tunahamia Zambia na pikipiki yangu, nilifunga mbele kamashine ka kugundua radari za polisi. Kila niliposikia "piip!" nilipunguza mwendo na kumwambia mke wangu nyuma: "Umeona, Mama Gloria? Akili!"

Mpakani Mokambo polisi akasema, "Papa, acha hako. Kule watakukamata nako."

Nikakatetea mbele ya foleni nzima: kametulinda toka Lubumbashi, hata kwenye vumbi tupu!

Akakafungua. "Papa, humu hamuna hata pile, hata betri moja."

Foleni ikaangua kicheko. Nikageuka. Ndani ya kofia ya pikipiki ya mke wangu ikatoka sauti ndogo:

"Nikikuambia ‘polepole’, Papa Gloria, hausikiaka. Lakini nikilia ‘piip’, unasikia."