Jiko Nililolivunja Kabla ya Masika

Siku yangu ya kwanza kazini Pangani, Afisa Misitu wa Wilaya hakuniuliza hata jina. Alinikabidhi sululu. "Sera mpya ya nishati imeshatoka. Kuni za mikoko basi. Majiko ya chumvi yote yavunjwe wiki hii."

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa na kazi za mkonge zinakufa. Karibu na Ushongo, Bi Mwanahawa, mjane, alilea wajukuu wanne kwa kupika chumvi na kuiuza. Alikwangua tope la chumvi, akalichuja kwa maji ya bahari, kisha akayachemsha maji yale kwenye karai la bati mpaka yakauke. Karai moja lilikula mzigo mzima wa mikoko. Sisi tulitaka chumvi ianikwe juani kwenye majaruba, vishamba vya maji vyenye kingo za udongo, ili miti isikatwe na moshi upungue. Wakubwa walishaanza kuzungumzia joto la dunia, na mpaka leo naamini walikuwa na haki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hilo sululu la nini, Bwana Misitu?"

Nikamweleza. Akatazama mawingu. "Jua silikatai, mwanangu. Lakini masika hayo yanabisha hodi. Niachie jiko mpaka mvua ikatike."

Nilirudi kwa mkubwa wangu kumwombea miezi miwili.

"Sera haingoji mvua! Ukishindwa wewe, wapo watakaoweza."

Watu walikuwa wakipunguzwa kazini kila kukicha. Niliogopa. Nikalivunja jiko lake, naye akanisogezea karai kando nisilitoboe. Afadhali angenitukana.

Majaruba aliyochimba baada ya hapo yalidumu siku tisa, mvua ikayafagia yote. Nilipokwenda, wajukuu walikuwa wakinywa uji mtupu na yeye anakanda udongo wa jiko jipya. Nilivua viatu nikaanza kukanda naye. Ndipo Landrova ya mkubwa iliposimama.

"Unafanya nini hapo?"

"Najenga nilichovunja, mzee."

Ijumaa ya wiki ile ile nikapewa barua ya uhamisho kwenda Maramba, mbali na bahari. Huko ndiko nilikosikia kwamba kiangazi kilipoingia, Bi Mwanahawa alilibomoa jiko lile mwenyewe, akaanika chumvi juani, na wenzake wakamfuata.

Sasa nimestaafu. Vijana wa mazingira huja kunionyesha mipango yao ya tabianchi, nami nawapenda, wana uchungu wa kweli. Wakimaliza, huwauliza jambo moja tu: mtaanza mwezi gani?