Balbu za Jumatano

Mwezi wa Mei mwaka 1991, kila Jumatano jua lilipokuwa linazama, nilisimama nyuma ya nyumba yetu hapa Mpui nikitazama njia inayotoka bondeni. Nilikuwa nangoja taa moja. Nikiiona, mume wangu yu hai. Nisipoiona, sikuwa na la kufanya ila kuendelea kusimama.

Alikuwa akinunua samaki wakavu kando ya Ziwa Rukwa na kuwauza huku juu. Pikipiki aliipata mwaka uliotangulia, ya mkono wa pili, wakati maduka ya Majengo, kule mjini, yalipoanza kujaa vitu ambavyo kwa miaka mingi tulivisikia tu. Barabara ya kupanda kutoka bondeni ina kona kali zisizo na kingo, na malori yalikuwa yakishuka bila gia ili kuokoa mafuta. Wavuvi hawakuuza mapema. Kila safari alianza kupanda giza likiingia.

Jumatano ya tarehe mosi taa ya mbele iliungua katikati ya mlima. Alifika akisukuma, tochi ameiuma kwa meno, mkono wa kushoto umechubuka mpaka kiwiko. Alikuwa amejibana kwenye mwamba kulipisha lori ambalo dereva wake hakumwona. Tarehe nane balbu mpya iliungua pia. Tarehe kumi na tano alirudi na taa yake. Tarehe ishirini na mbili iliungua ya tatu, na siku hiyo pikipiki ilianguka, samaki wakabaki korongoni. Alisema tu kwamba aliwahi kuruka, kisha akaomba maji ya kunawa.

Nilikwenda mwenyewe Majengo kumkabili mwenye duka la vipuri.

“Shemeji,” aliniambia, “huyu mumeo anakula balbu kwa ugali?”

“Anakula hizo unazomuuzia.”

“Nauza za aina tatu, kila moja na nchi yake. Nusu ya pikipiki za mji huu zinawaka kwa balbu zangu. Zote zimekuwa mbovu kwake peke yake?”

Nilinunua balbu mbili nikaondoka.

Mama mkwe wangu, tuliyekuwa tunaishi naye, yeye jibu alikuwa nalo. “Chombo kimetazamwa kwa jicho baya,” alisema. Alileta kifurushi kidogo cha ngozi, akakifunga kwenye usukani. Sikucheka. Katika nchi yetu watu hawayachekei mambo hayo, na mimi nilikuwa naogopa kama yeye. Lakini kilichonitisha zaidi ni uso wa mume wangu alipokishika kile kifurushi.

“Sasa hata giza halinipati,” alisema.

Kabla ya hapo aliogopa, na woga ule ulimfanya asukume pikipiki pale asipoona mbele. Nilimwona akiuvua mbele ya macho yangu kama koti.

Nilianza darasa la kwanza nikiwa na miaka kumi na mitatu, miongoni mwa watoto walionifika begani. Aliyeanza hivyo hujifunza kushika jambo likisemwa mara moja. Tarehe huwa haziniponyoki. Basi nikipepeta ulezi siku ya Jumatatu, nilizirudia tarehe zile moja moja, nikijiuliza ile ya kumi na tano ilikuwa na nini. Nikakumbuka kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo nyumba ilikuwa kimya. Jirani alikuwa ameazima redio yetu kwa ajili ya harusi.

Redio ile ilikuwa ya mawe manne, kama yale ya tochi, na betri ya pikipiki ilikuwa na nguvu ileile. Mawe yalikuwa ghali. Jioni mume wangu aliichomoa betri chini ya kiti cha pikipiki, akaiunganisha kwenye redio kwa nyaya mbili, kama walivyofanya wenye pikipiki wengi tuliowajua. Asubuhi aliiacha ndani ili mama yake asikilize taarifa ya habari, kwa kuwa pikipiki ilikubali kuwaka kwa kick, kwa kukanyagwa tu, bila betri. Wiki ile ya harusi tu ndipo betri ilipobaki mahali pake.

Nilifikiria mfereji wa bustani. Maji yakija mengi na bwawa lipo, bwawa hupokea yanayozidi. Ukiziba bwawa, yote hupita kwenye mche mmoja na kuung’oa. Injini ikinguruma mlimani, umeme wake ulikuwa unakwenda wapi, ikiwa betri iko nyumbani inasikiliza habari?

Nilimweleza Jumanne mchana, uani. Alisikiliza akiwa amekunja uso.

“Sasa unataka nini, mama?”

“Tuijaribu hapa. Washa bila betri, uvute moto, injini ingurume kama unapanda mlima.”

“Balbu ziko mbili tu. Ukiniunguzia moja leo, na ya kesho ikiungua, nitarudi na macho ya paka?”

“Ikiungua hapa, utajua wewe. Ikiungua kule, nitajua mimi.”

Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini. “Mwache ajaribu,” alisema. “Asome na hilo.”

Nilikuwa na hofu mbili. Balbu ikiungua, tungebaki na moja. Isipoungua, mimi ningekuwa nimekosea, kifurushi kingekuwa kimeshinda, naye angekwenda mlimani bila woga wowote.

Alipiga kick, akavuta moto. Taa iligeuka nyeupe kama chokaa, ikatoa mlio mdogo, ikafa. Aliifungua, akatazama kioo chake kilivyoingia weusi, akaenda ndani mwenyewe kuifuata betri. Alipofunga nyaya na kuweka balbu ya mwisho, alinitazama, mkono uko kwenye mpini wa moto lakini hauvuti.

“Vuta,” nilimwambia.

Alivuta mpaka kuku wakakimbilia nyuma ya jiko. Taa ilibaki ya manjano.

Kesho yake, tarehe ishirini na tisa, alikwenda na betri, na kifurushi pia. Sikuthubutu kukigusa. Jioni nilisimama mahali pangu. Redio ilikuwa imezimika bila betri, na kila mlio wa mbali niliusikia kwa mwili mzima. Betri ile ilikuwa imenyonywa na redio wiki nyingi. Je, ilikuwa bado na nafasi ya kupokea, au ilikuwa imekwisha kufa? Hilo sikulijaribu. Nililiwaza wakati ameshaondoka, nikawa nafunga kanga na kuifungua.

Mama mkwe ndiye aliyeona kwanza. “Ile pale,” alisema.

Taa ilififia penye korongo, ikapata nguvu tena kwenye tambarare. Alipozima injini uani, yule mama alikipapasa kifurushi. “Dawa imefanya kazi,” alisema.

“Imefanya, Mama,” nilijibu.

Mume wangu alishusha samaki, akanywa maji, na mkono wake ukashuka chini ya kiti kutafuta nyaya za betri. Siku hiyo kulikuwa na mpira redioni. Nilikikalia kile kiti.

“Mama, ni kipindi cha pili tu,” aliniambia.

Sikuinuka.