Mguu wa Mama Kwenye Kompyuta

Kazi yangu ni kulainisha. Ofisini nina cheo kirefu cha kuandika kwenye mlango, ila mlango wenyewe hawajanipa, kwa hiyo niseme tu ukweli: nachora majagi, mabeseni na viti vya plastiki kwenye kompyuta, katika kiwanda kimoja upande wa Temeke. Jagi likishapata umbo, programu inalipaka mistari myeusi na myeupe, pundamilia mtupu. Mistari ikipita kutoka kipande hadi kipande bila kushtuka, sura, yaani ngozi ya nje ya jagi, ni safi. Ikivunjika, ujue vipande viwili vimegusana lakini havijaelewana, na siku jagi litakapowekwa dirishani mwanga utaviumbua. Nimewahi kushinda wiki nzima kwenye shingo ya jagi moja. Nilikuja kulikuta kwa jirani, limetobolewa matundu kwa msumari wa moto, linamwagilia mchicha. Haya bwana, ndiyo heshima ya fundi.

Nyumbani kwetu ni Kinyerezi, pua na mdomo na mitambo inayozalisha umeme. Faida ya ujirani huo ni kwamba umeme ukikatika tunakuwa karibu na mahali ulipotoka.

Kisukari kilimchukulia mama mguu wa kushoto, chini ya goti. Hospitali wakampa wa bandia: kikombe cha kushika goti, bomba la chuma, na unyayo wa mpira mwishoni. Mama akajifunza kuutembelea bila kelele. Kanisani anaenda, sokoni anaenda, na akina mama wa kwaya wakimwonea huruma anawaambia wamwonee yule anayeimba sauti ya tatu. Tukadhani yameisha. Kumbe yalikuwa yanasubiri mdogo wangu wa mwisho apate mchumba.

Sasa kwa watu wa mji huu, sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, bila mama mzazi kuingia ukumbini akicheza ni pilau bila nyama: italiwa, lakini itasemwa. Mshehereshaji anapaza sauti, muziki unabadilishwa, mama wa bibi harusi anaingia na ndugu zake wamevaa sare, wanakuja taratibu kwa madaha mpaka mbele, na hapo mama anamshika binti yake mkono na kumkabidhi kwa wakwe. Ukumbi mzima unajifanya unatazama nyuso. Wapi! Watu wanatazama miguu.

Mama akatangaza haingii.

"Niingie na bomba langu, wakwe waseme wameoa kwa fundi maji? Mie nitaangalia kwenye video."

Tulimbembeleza weee. Kitambaa cha sare kikakaa juu ya kabati ndani ya mfuko wake, na fundi cherehani alipokuja kupima akarudishwa getini. Mdogo wangu alilia, akasema kama mama hamkabidhi yeye mwenyewe, basi sherehe isiwepo kabisa. Hapo ndipo mama mkubwa, dada yake mama, kwa ile huruma yake isiyo na kifani, alipojitolea kuingia badala yake. Alijitolea haraka sana. Kabla hata hatujamjibu alikuwa anafanya mazoezi ya mwendo kwenye korido yetu.

Mtaalamu wa mabeseni nikasimama. "Mama, usihangaike. Nitakuchorea mguu."

Wazo lilikuwa gamba la plastiki, jembamba, lenye umbo la mguu, la kuvishwa juu ya lile bomba. Bosi alikubali nitumie mashine ya kiwandani ya kuchapia maumbo, mradi nisiiharibu na nisimwambie ni ya nini, maana alikuwa anakula. Na kuhusu umbo, nani alihitaji kuumiza kichwa? Mguu wa kulia si upo? Nikaupiga picha za simu pande zote, programu ikajenga umbo, nikaligeuza kwa kioo, wa kulia ukawa wa kushoto. Akili nyingi. Picha za simu huwa zinaacha vinundu, kwa hiyo nikatandika sura mpya juu yake, nikaiongoza kwa vidoti vichache tu, vile vya kuivutia huku na kule. Wanaoanza kazi hii huweka vidoti kama wanapanda mpunga, halafu wanashangaa umbo linawakunjamania. Mimi si wa jana. Pundamilia walitoka gotini wakateremka mpaka kifundoni bila hata mmoja kujikwaa.

Nikaunganisha kompyuta na tivii ya sebuleni ili watu waone kazi. Walikuwepo mama mkubwa, mama mdogo, mdogo wangu, na baba kwenye kiti chake na gazeti lake. Nikauzungusha mguu taratibu, nikisubiri vigelegele.

Mama aliutazama mpaka ukamaliza mzunguko.

"Mguu wa nani huu?"

"Wako, mama. Ni huu wa kulia, nimeugeuza."

"Huu mguu wa mgonjwa," akasema. Akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Jamani. Nilisimama pale na rimoti mkononi nikatamani kujizaba kibao. Kila mtu mle ndani alikuwa ameshaona isipokuwa mimi niliyekodolea skrini siku zote hizo: ugonjwa ulikuwa umeukausha na huu mguu uliobaki, umebaki ugoko na ngozi. Mie nikauchukua ugonjwa, nikaulainisha mpaka ukang'aa, nikampelekea mwenyewe kama zawadi. Niliumia sana siku ile, siwezi kusema uongo.

Mashangingi wawili, dada na mdogo wake mama, hawakuumia. Wao walivuta viti.

"We mtoto, mama yako alikuwa na mguu wa bia!" alisema mama mkubwa. "Chupa kabisa! Umejaa huku juu, umechongoka huku chini. Wanaume walikuwa wanagonga nguzo njiani."

"Jaza hapo," akasema mama mdogo.

"Si hapo, hapa. Ongeza. Ongeza, unaogopa nini, unalipia?"

Nikaongeza. Nikauliza kama kuna picha nitazame. Zikaletwa albamu. Picha zote za ujana wa mama zinaishia kiunoni, na zisizoishia kiunoni zina joho la kwaya linalofagia sakafu. Basi tukarudi kwenye ushahidi wa midomo. Mama mkubwa akapandisha kitenge chake kunionyesha mfano hai, nami nikatazama dari kwa heshima zote. Mama mdogo akasema huo si mfano, huo ni onyo. Wakagombana. Kila mmoja alikuwa anachora mguu wake mwenyewe wa zamani, na kompyuta yangu ikawa inachanganya yote miwili. Walipoondoka mchana ule waliniachia fenesi lenye kifundo. Pundamilia walikuwa wamevurugika kabisa, wengine wamekatika vichwa.

Nikabaki na baba.

Baba ni mwalimu mstaafu wa jiografia, na maneno yake mengi aliyamalizia darasani. Nyumbani huwa anazungumza na taarifa ya habari. Katika umri wangu wote sijawahi kumsikia akimwambia mama hata kwamba mboga imekolea. Alikunja gazeti, akavaa miwani, akavuta kiti karibu yangu.

"Hebu nione hicho kitu."

Nikampisha. Akakitazama hicho kitu kwa huzuni.

"Hawa hawajui," akasema. "Shavu la mguu wake halikuanzia katikati. Lilianzia juu. Huku, upande wa nje."

Kwetu baba na mtoto wa kiume wanaongelea mpira, mafuta ya gari na kiwanja cha Segerea kinachogombaniwa na mjomba. Miguu ya mama haimo. Lakini mzee alishanyoosha mkono hewani, kakikunja kiganja, na kiganja kile kikawa kinateremka polepole juu ya kitu ambacho mie sikioni.

"Sogeza. Bado. Hapo. Sasa iache iteremke yenyewe, usiikate... Unaharakisha, bwana. Taratibu."

Nikafuta vidoti vya akina mama vyote, nikabaki na vichache, nikafuata mkono.

"Huku chini ni kwembamba. Vidole vyangu vilikuwa vinakutana."

Mungu wangu. Nilitamani umeme ukatike. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza Kinyerezi, haukukatika.

"Na hapa nyuma, chini kidogo ya goti, weka kibonde."

Hapo mtaalamu nikazinduka. "Mzee, nikiweka kibonde hapo sura itaharibika. Na mguu wa kulia hauna."

"Wa kulia haukuwa nacho. Ulikuwa nacho huu." Akanitazama juu ya miwani, kama nimekosea mji mkuu wa mkoa. "Si shimo. Ni mahali panapoingia kidogo, halafu panatoka. Dole gumba linakaa."

Nikajaribu. Mara ya kwanza mistari ikavunjika. Nikarudi nyuma, nikaipa nafasi zaidi, nikaanza mbali kuizamisha ili isijue inazama. Pundamilia wakainama wote kwa pamoja, wakapita, wakainuka upande wa pili wakiwa wazima. Baba aliwafuata kwa macho mpaka kifundoni. Akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Ndio huo," akasema, na kurudi kwenye kiti chake.

Nikajifanya nahifadhi faili, nikalihifadhi mara nyingi kuliko lilivyohitaji.

Mashine ikachapa, nikasugua kwa msasa mpaka vidole vikaota malengelenge, nikapaka rangi niliyoichanganya nikifananisha na mkono wangu, maana rangi yangu nimeitoa kwa mama. Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, nikaupeleka sebuleni umefungwa kwenye kanga. Mama alikuwa kwenye sofa, baba kwenye kiti chake, taarifa ya habari inaendelea.

"Umeniletea mgonjwa mwingine?" mama akauliza.

Nikapiga magoti, nikavisha gamba juu ya bomba, nikabana klipu zake. Mama akainama. Hakuutazama sana, aliweka kiganja juu, karibu na goti, akakiteremsha. Kilipofika nyuma, dole gumba likasimama.

Likabaki pale.

"Nani kakuchorea huu?"

"Mimi, mama."

"Najua umechora wewe. Nauliza nani kakuelekeza."

"Si ni mama mkubwa na mama mdogo. Walikuwepo, wakanisaidia..."

"Ndugu zangu hawapajui hapa."

Sauti ya tivii ikapanda ghafla. Lilikuwa tangazo la mbolea, na baba alikuwa analitazama kama mtu mwenye shamba kubwa. Mama akamgeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyafuta.

"Mwalimu."

"Mm."

"Punguza hiyo tivii."

Akapunguza. Nikaanza kujikusanya niwapishe, maana niliona sasa patasemwa maneno yasiyo ya umri wangu. Hayakusemwa. Mama alinyoosha mguu mbele yake, akaugeuza huku, akaugeuza huku.

"Mpigie fundi cherehani," akaniambia. "Mwambie aje anipime leo leo. Na gauni langu aliwekee mpasuo. Upande huu."

"Usiwe mfupi," akasema baba, macho kwenye tivii.