Kaka Yangu Alimwambia Chelagat

Siku yangu ya kwanza kama muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa akili mjini Nakuru, Matron alinikabidhi funguo. "Wanjiku," akasema, "hapa ni kupeana dawa na kuhakikisha hakuna anayetoroka. Hayo mengine ni ya daktari." Tulifanya hivyo. Mgonjwa akinyamaza, tulisema ametulia.

Nilipohamishiwa kliniki ya Elburgon, wapasua mbao na wake zao walinizoea. Ndipo akaletwa Chelagat, mdogo kwangu kwa umri, aliyesomea tiba ya mazungumzo. Mbinu zake zilikuwa zimethibitishwa na utafiti. Mwenye sonona, ile huzuni nzito isiyobanduka, hakumwambia angoje moyo upone ndipo aamke. Alimwanzisha na kazi ndogo, moyo ufuate polepole. Kila kikao alirudia maswali yale yale, ajue kama tiba inasaidia au ibadilishwe.

Wagonjwa wakaanza kuniuliza mlangoni, "Yule madam mwingine yuko?" Msimamizi wa kliniki akawa anampeleka yeye kwenye mafunzo. Wivu ulinikaba hata salamu yake nikaiitikia nikiangalia kando.

Kisha kaka yangu Kamau, mkulima wa viazi Mau Narok, akafiwa na mke. Akaacha kula. Viazi vikamwozea shambani. Kila nilipomtembelea alisema, "Niko sawa tu." Nilimleta kliniki nimhudumie mwenyewe, lakini msimamizi akakataa.

"Huwezi kutibu ndugu yako. Mpeleke kwa Chelagat."

Nilikaa kwenye benchi nje. Kupitia mlango nilimsikia Kamau akilia, yeye ambaye hata makaburini hakutoa chozi. Chelagat alitoka akaketi karibu nami.

"Amenikubalia nikuambie. Kuna dawa ya kunyunyizia viazi ameficha chini ya kitanda. Alitaka kuinywa. Anaomba uiondoe leo."

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Ni wewe aliogopa kuumiza, dada."

Niliiondoa jioni hiyo. Nilipaswa kushukuru, na nilishukuru, lakini kifua kiliwaka: damu yangu ilikuwa imemfungukia mwingine.

Kamau alianza kwa kulisha mbuzi asubuhi, kisha kupalilia mstari mmoja, kisha kanisa. Msimu uliofuata alipanda tena. Nikamwendea Chelagat.

"Nifundishe."

"Nilidhani unanichukia."

"Kidogo, ndiyo."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akanifundisha. Tulifanya kazi pamoja hadi nilipostaafu, na wauguzi wengi wa vijijini wakaijua tiba hiyo kupitia kwetu.

Sasa naishi Lanet. Juzi Kamau alikuja akiwa na uso mzito. Nikavuta kiti, nikamkumbusha kwamba hata mimi nimesomea mambo haya.

"Wewe ni dada yangu," akasema. "Wewe nipikie chai, nimpigie Chelagat."

Niliinuka nikaenda kuwasha jiko. Nikamsikia akisema, "Haloo, daktari," na sauti yake ikalegea jinsi isivyolegea kwangu kamwe. Nikamchemshia chai ya maziwa, ile anayoipenda.