Gunia Mbele ya Rejeta

Gunia la katani likipata joto lina harufu yake, na nikiisikia hata leo nakunja uso.

Mama na mimi tulikuwa tunatoka mtoni, yeye na ndoo, mimi na kibuyu. Kijiji kipya tulikohamishiwa kilikuwa mbali na maji. Njiani tukaikuta Landrova ya ofisa aliyekuwa anakuja kutuhutubia, imechemsha, inafuka mvuke.

“Mama, tusaidie maji,” dereva alisema.

“Haya ni ya kupikia, baba.”

Ofisa akatoa kichwa dirishani. “Ndugu, gari hili ni mali ya wananchi.”

Dereva akafungua rejeta kwa kitambaa, akamimina ndoo nzima. Gari likafika kwenye kona, likachemsha tena, nasi tukalikuta hapo. Wakachukua na kibuyu changu. Ndipo dereva alipoinama mbele ya gari, akaliona gunia. Asubuhi, kwa baridi ile ya Sumbawanga, alikuwa ameifunika rejeta kwa gunia ili injini ipate moto upesi, kama wafanyavyo madereva wa huku. Akasahau kulitoa. Upepo wote ule wa Ufipa, na injini haikupata hata kidogo.

Akalifungua, akalitupa nyuma, wakaondoka. Asante hatukuisikia. Tulirudi mtoni.

Tulipofika mkutanoni, mama ndoo kichwani, ofisa alikuwa anahutubia. Akamnyooshea kidole.

“Mnaona? Wachelewaji kama huyu ndio wanaoturudisha nyuma.”

Watu wakapiga makofi, na majirani zetu wakiwemo.