Kompyuta ya mnada wa kanisani ilivyookoa mlango wa baba: uzoefu wangu wa kutafuta kompyuta ya CNC

Wakuu, heshima zenu. Mlionizidi umri shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Juzi kuna mdau aliuliza humu anunue kompyuta gani ya kuendeshea mashine ya CNC. Wakamjibu watu kama kumi, na wote wakamwambia anunue yenye nguvu kuliko zote atakazozikuta dukani.

Nilicheka peke yangu karakanani mpaka mke wangu akaja kuchungulia.

Hiyo njia nimeipita mimi, na ilibaki kidogo tu imwaibishe baba yangu mbele ya usharika mzima. Nawasimulia ilivyokuwa. Palipo na ujinga wangu sitapaficha.

Mimi ni seremala, Mmeru wa hapa Tengeru. Kwa wasioijua, CNC ni mashine inayochonga kwa amri za kompyuta. Yangu ni meza ya chuma, na juu yake kuna mota yenye kisu kinachozunguka. Unachora ua kwenye kompyuta, kisu kinalichonga kwenye ubao.

Miaka ile naitafuta mashine, soko lilikuwa limeshafunguliwa na kila kitu kinaingia. Magari ya mtumba, friji za mtumba, mpaka milango ya ng'ambo iliyopakwa vanishi inang'aa kumbe ndani ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Watu walikuwa wanaigombania. Sisi maseremala tulikuwa tunasinzia kwenye benchi zetu.

Kwa hiyo mzungu mmoja aliyekuwa na karakana kule Nduruma alipofungasha virago, nikaikimbilia mashine yake. Nikaipata. Kompyuta yake akaondoka nayo.

Aliniachia software kwenye CD na ushauri mmoja: tafuta desktop ya kawaida yenye parallel port. Nikaitikia "yes, yes" kwa kujiamini kabisa. Sikuwa nimeelewa kitu.

Sasa twende kwenye kilichonikosesha raha.

Usharika wetu huku mlimani ulikuwa unamalizia kanisa jipya, na kamati ya ujenzi ilitaka kuagiza mlango wa ng'ambo. Baba yangu ni mtu wa kukaa benchi la nyuma, hapendi kusimama mbele za watu. Siku kamati ilipotangaza hilo, akasimama.

"Mlango wa nyumba ya Mungu utatoka shambani kwangu," alisema. "Ule mringaringa nautoa. Na wa kuuchonga ni mwanangu."

Wanaotoka huku wanaujua mringaringa, mti wa mbao nzuri unaopandwa kutia kahawa kivuli. Huo wa baba ulikuwa katikati ya kahawa na migomba, aliupanda mwaka aliomwoa mama. Mama alishatangulia. Mti ulikatwa, ukapasuliwa, ukakaushwa, ukatoa mbao za kutosha mlango ule tu, paneli nane, bila ubao hata mmoja wa akiba. Nikiharibu paneli moja, hakuna mti mwingine wa kukata.

Nikaenda mjini kwa Mangi mmoja, Mchaga mwenye duka la kompyuta. Nikamwambia nataka mashine ya kazi nzito. Akanitolea laptop ya rangi ya fedha, nyembamba, inawaka taa za bluu.

"Kaka, hii ni moto," akasema. "Hii hata ndege inarusha."

Wakuu, nilichagua kompyuta ya karakana kwa macho ya sebuleni. Nilipofika nayo nyumbani mke wangu akaipa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni, kama vile vya kwenye redio na makochi. Wageni wakija walikuwa wanaisifia kabla hata ya kuulizia watoto.

Shida ya kwanza, haikuwa na parallel port. Mangi akanipa waya wa kuunganisha kwa USB, mashine haikutikisika. Akanitafutia kadi yenye hiyo port, ya kuchomeka ubavuni mwa laptop. Hapo mashine ikatembea, nikashangilia kama tumefunga goli.

Nikaweka ubao wa paini wa kujaribia, nikaanza kuchonga msalaba uliozungukwa na matawi ya kahawa. Katikati ya kazi mashine ikasita kidogo, kama mtu anayemeza mate, halafu ikaendelea. Nilipofuta vumbi, mkono mmoja wa msalaba ulikuwa umeshuka kwa upana wa kidole.

Nikarudia. Ukashuka tena, safari hii mkono wa pili.

Nililaumu umeme, nikalaumu paini, nikamlaumu mzungu na ukoo wake wote. Laptop sikuilaumu, maana ilikuwa nzuri mno.

Mwenyekiti wa kamati alipita kukagua, na baba alikuwepo. Mwenyekiti akapitisha kidole kwenye ule mkono ulioshuka, akatabasamu. "Fundi, tukupe mpaka wiki mbili baada ya Jumapili ya mavuno. Ikishindikana tutaagiza tu, hakuna ubaya."

 Baba alichukua kofia yake akaenda zake kukamua ng'ombe. Nilijisikia vibaya sana siku ile, na sijui kuielezea vizuri zaidi ya hapo.

Kesho yake nikaenda internet café mjini, nikamwandikia mzungu. Majibu yalikuja baada ya siku tatu, na hayo ndiyo nataka yule mdau ayasome mara mbili.

Software ya CNC haihitaji kompyuta yenye nguvu, inahitaji iliyotulia. Kompyuta inapeleka mapigo kwenye mota, maelfu kwa sekunde, na kila pigo linasogeza kisu kwa kiasi cha unywele. Yale mapigo lazima yaende sawasawa, kama mpiga ngoma wa kwaya. Laptop imetengenezwa kubana umeme, kwa hiyo kila mara inapunguza mwendo, inakagua betri, inawasha feni. Wewe huoni. Mota inaona, na pigo likipotea halirudi.

Akamalizia: nenda nyuma ya kompyuta, tafuta tundu pana lenye vishimo ishirini na tano, lililokuja na kompyuta yenyewe, hiyo ndiyo parallel port. Ukilipata, usiulize umri.

Nikazunguka maduka ya mjini karibu yote. Desktop mpya hazikuwa na hilo tundu, na za zamani waliniambia wameshazitupa. Mangi akanishauri ninunue laptop kubwa zaidi. Nilimuaga kwa heshima, ila moyoni nilimtukana.

Ikafika Jumapili ya mavuno.

Kwetu Walutheri sadaka za mazao zinapigwa mnada nje baada ya ibada. Ndizi, maziwa, kuku, mpaka mbuzi. Na kuna desturi: ukishinda kitu, mtu mwenye moyo hakichukui, anasema "narudisha kwa Bwana," kinanadiwa upya. Mkungu mmoja unaweza kuuzwa mara nne na bado uko pale pale.

Basi siku hiyo, kati ya mkungu wa ndizi mshare na jogoo mwekundu, palikuwa na kompyuta. Mwalimu mmoja mstaafu aliitoa, alikuwa anachapia mitihani. Desktop nzito, plastiki imegeuka njano kama ugali wa jana, na kioo chake kina kisogo kirefu.

"Televisheni ya mwalimu!" mnadi akatangaza, naye ni mzee wa kanisa mwenye maneno. "Haina picha, haina sauti, ila ina busara!" Watu wakacheka sana.

Nikazunguka nyuma yake kama mtu anayekagua ng'ombe. Nikapangusa vumbi kwa kidole.

Tundu pana. Nikahesabu vishimo. Ishirini na tano.

Wakuu, nilitamani kupiga yowe. Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti wa kamati naye akanyoosha, kwa utani tu, na tukapandishana mpaka akachoka. Nikashinda.

Mnadi bila hata kuniangalia akapaza sauti: "Fundi amenunua! Na fundi namjua ana moyo, anairudisha kwa Bwana! Nani tena?"

Vigelegele.

"Sirudishi!" nikapiga kelele.

Vigelegele vikakatika. Sijawahi kumsikia mtu akisema neno hilo kanisani kwetu. Mama mmoja alishika mdomo. Mwenyekiti alikuwa ananitazama kama mwizi wa sadaka.

Hapo baba akasimama, mara yake ya pili mwaka ule. Mkononi ana yule jogoo mwekundu, aliyekuwa ametoka kumnunua.

"Mzee wa kanisa," akasema, "huyu jogoo namrudisha. Na nikimpata tena nitamrudisha tena. Mwanangu mwachieni boksi lake."

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka Olmotonyi, ng'ambo ya mji. Nikaibeba kompyuta yangu begani kabla mtu hajabadili mawazo.

Nyumbani nikaifungua. Nikatoa vumbi, nikatoa na kiota cha panya. Nikafuta kila kisichohusika: magemu, muziki, screensaver, yote. Internet haijawahi kuiona mpaka leo. Nikachimbia ardhini waya wa ethi, ule wa kupoteza umeme unaozidi, nikaweka ile software na kitu kingine hakuna.

Software ina sehemu ya kupima mapigo kwa mchoro. Kwenye laptop mchoro ulikuwa kama meno ya msumeno. Hapa ulinyooka.

Sikuamini. Nikachora alama ya X kwa penseli kwenye paini, nikaweka ncha ya kisu juu yake, nikaiamuru mashine izunguke meza nzima kwa saa mbili halafu irudi ilipoanzia. Ikarudi. Ncha ikatua katikati ya X, kama haikuwahi kuondoka.

Mke wangu akaja na kitambaa chake. Nikamwambia, hii inapumua kwa nyuma, ukiifunika itapandwa na joto na tutaaibika. Tukakubaliana kitambaa kikae juu ya meza ya chai.

Ndipo nikapandisha mringaringa. Baba alikuja kila siku akishakamua, anaketi kwenye kigoda, anatazama. Paneli ya kwanza, ya pili, ya tano. Mbao ile ikichongwa ina harufu yake, na karakana nzima ilinukia. Ya nane ilipotoka, mikono yote ya msalaba imenyooka, baba aliinuka kigodani. Akaishika.

"Mama yako angeipenda," akasema.

Siku ya kuweka kanisa wakfu tulijaa nje, mlango umefungwa. Kwa desturi askofu anagonga kwa fimbo yake ndipo ufunguliwe. Mwenyekiti wa kamati alikuwa karibu yetu, amevaa suti. Askofu akagonga mara ya kwanza. Mlio ulikuwa mzito, wa mbao ya kweli.

Baba akaniinamia sikioni. "Umesikia? Anagonga mti wangu."

Nililia wakuu, sioni aibu kusema.

Kwa hiyo mdau, mashine ya kazi usiichague kwa sura. Kwa mashine za aina hii yangu nenda nyuma uangalie tundu, iwe desktop, ifanye kazi hiyo moja tu, na upime kwa X kabla hujagusa mbao ya maana. Laptop nayo haikuwa mbaya, nilikuwa nimeipa kazi isiyo yake. Mavuno yaliyofuata niliitoa mnadani, mwenyekiti akainunua, akairudisha, akainunua tena. Leo iko ofisi ya usharika inachapa matangazo, na wameitafutia kitambaa.

Aliyewahi kununua kompyuta ya karakana kwa macho ya sebuleni asione haya, aje hapa chini atueleze ilikuwaje. Na mwenye swali la kitaalamu aulize, nitajibu nikitoka karakanani.

Siku hizi mnadani narudisha kila kitu, hata mbuzi. Ile ya njano tu ndiyo sirudishi.